Tumbo Limeshiba, Mwili Bado Unadai

Wateja wengi wanaokuja kwetu kwa ushauri wa lishe huanza na swali moja: "Ninunue vidonge gani?" Kabla ya kutaja kidonge chochote, sisi tunaomba daftari. Kwa siku saba, andika kila unachokula na kunywa, pamoja na saa. Usijipambe. Andika hata ulichoonja ukiwa jikoni na soda uliyokunywa njiani.

Tunataka siku saba kwa sababu mlo mmoja hausemi kitu. Ukikosa mboga leo, hudhuriki. Pengo la lishe ni kile kinachokosekana leo, kesho na keshokutwa bila mwenyewe kushtuka, maana sahani inajaa kila siku. Vitamini B12, kwa mfano, huwekwa akiba kwenye ini. Mtu aliyeacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa anaweza kukaa miaka kabla ya kuanza kusikia ganzi miguuni, na wakati huo wala hakumbuki kwamba chanzo ni chakula.

Mama mmoja alituletea daftari lililotufurahisha kwa mtazamo wa kwanza. Kila siku kunde au maharage, kila siku mboga za majani. Lakini alikuwa akihema akipanda ngazi, na kucha zake zilikuwa zimebonyea katikati kama kijiko. Jibu lilianza kujitokeza kwenye safu ya saa: chai ya rangi, nzito, katikati ya kila mlo. Na kwa wiki nzima, hakuna tunda hata moja. Madini chuma yaliyomo kwenye mimea hufyonzwa kwa shida, na chai huyazuia zaidi. Vitamini C ndiyo inayoyasaidia kuingia mwilini. Tulimtuma akapime damu kwanza. Vipimo vilionyesha upungufu wa madini chuma, daktari akampa dawa, na kazi yetu ikawa kuisogeza chai saa moja mbali na chakula na kuweka chungwa mezani. Vyakula vyake vingine hatukuvigusa.

Upungufu huu huwaandama zaidi wanawake. Kwa viwango vya Marekani, mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 18 za madini chuma kwa siku, mwanamume miligramu 8. Familia inayopakua kutoka sufuria moja haina mahitaji sawa, na mara nyingi anayepata kidogo ndiye anayehitaji zaidi. Jambo hili linatuuma sana.

Dalili nyingine za pengo la lishe ni fizi kutoka damu, pembe za mdomo kupasuka, au kutoona vizuri giza linapoingia. Ila kila moja yaweza kuletwa na ugonjwa mwingine, kwa hiyo hatumpimi mtu kwa macho. Ukiwa nazo, anzia hospitali.

Ukitaka kujikagua mwenyewe, tazama matunda na mboga. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 kwa siku, yaani mafungu matano ya gramu 80, viazi na mihogo isihesabiwe. Madaftari mengi tunayopokea hayafikii hata nusu.

Na vidonge? Vipo vya lazima: mwanamke anayepanga kushika mimba anahitaji mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, aanze kabla ya mimba. Lakini kumeza kwa kubahatisha kuna hatari. Vitamini A hujilimbikiza mwilini, na ikizidi wakati wa ujauzito humdhuru mtoto tumboni.

Ukija kwetu, njoo na daftari, majibu ya vipimo kama unayo, na dawa zote unazotumia. Na kama kuna siku ulisahau kuandika, usizijaze kwa kukisia. Lilete daftari hivyo hivyo, tutaulizana.