Tuige utaratibu wa Mo Ibrahim, si ukubwa wa hundi yake

Ndugu Mhariri,

Kila Mo Ibrahim, mwanzilishi wa kampuni ya simu ya Celtel, anapotajwa magazetini, wasomaji hukumbushwa dola milioni 5 anazotunukiwa rais mstaafu wa Afrika kupitia tuzo yake ya uongozi, na mjadala huishia hapo kwenye fedha. Wahandisi vijana wanaotamani ukurugenzi, na wenye kampuni wanaoanzisha mifuko ya misaada, wangefaidika zaidi kwa kutazama namna mhandisi huyu alivyoziba mianya ya rushwa kabla fedha hazijatoka.

Msudani huyu alisomea uhandisi wa umeme Alexandria, akaendelea Bradford, kisha akapata uzamivu Birmingham katika mawasiliano ya simu za mkononi. Mwaka 1989 alianzisha MSI, kampuni iliyopanga mitandao: mnara ukae wapi, na masafa ya redio yaleyale yarudiwe umbali gani bila kuingiliana. Celtel, kampuni ya simu za mkononi Afrika, ikafuata mwaka 1998. Benki zilisita kukopesha biashara ya simu Afrika, hivyo ujenzi ulitegemea sana mitaji ya wanahisa.

Hapo Celtel ndipo ilipo kanuni inayostahili kuigwa: malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 yalihitaji idhini ya bodi nzima. Meneja akidaiwa "chai" kubwa ili kibali kitoke, anajibu kweli kwamba hana mamlaka.

Lakini kiwango peke yake hakitoshi. Ankara ya dola 90,000 hukatwa vipande vinne, kila kimoja kikapita chini ya kiwango, na makaratasi yote yakaonekana safi. Kwa hiyo kikomo kihesabiwe kwa jumla anayolipwa mzabuni mmoja ndani ya mwaka, si kwa ankara mojamoja. Dizeli ya jenereta na matengenezo ya minara viwe na mkataba wa bei mapema, maana neno "dharura" ndilo linaloruka taratibu zote za manunuzi. Na anayeagiza asiwe ndiye anayepokea mzigo. Mhasibu yeyote analijua hili. Wahandisi wengi hulikuta kazini, wakiwa tayari wamesaini.

Celtel iliuzwa mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4 kwa MTC, kampuni ya simu ya Kuwait. (Waliokuwa na laini yake mwaka 2006 wanakumbuka One Network: Mtanzania akivuka kwenda Kenya au Uganda alipiga kwa bei ya wenyeji, akapokea simu bure na kuongeza salio kwa vocha ya huko.)

Tuzo yake ilijengwa kwa mtindo uleule. Mgombea awe aliongoza serikali, alichaguliwa kidemokrasia, alitumikia muda wake kwa mujibu wa katiba, ameondoka ndani ya miaka mitatu iliyopita, na alionyesha uongozi wa kipekee. Fedha hugawanywa kwa miaka 10, na washindi wa mwanzo waliahidiwa baada ya hapo dola 200,000 kila mwaka maisha yote. Joaquim Chissano wa Msumbiji aliipata mwaka 2007 na Festus Mogae wa Botswana mwaka 2008. Miaka miwili iliyofuata hakupewa mtu. Wengi walicheka. Sisi tunaona ruhusa hiyo ya kutompa mtu ndiyo kifungu bora kuliko vyote.

Mifuko yetu ya ufadhili wa masomo huharibikia hapohapo. Bajeti inatakiwa iishe kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, waombaji wenye sifa hawatoshi, basi kamati inashusha vigezo mwezi wa mwisho na mtoto wa jamaa anapenya. Tiba ni kuandika kwenye hati ya mfuko, tangu siku ya kwanza, kwamba salio lisilotumika linavuka mwaka na kwamba kamati inaruhusiwa kutomteua yeyote. Vigezo vitangazwe kabla ya maombi kufunguliwa, na ada ilipwe shuleni kwa muhula, baada ya matokeo ya muhula uliopita kuonekana.

Kuhusu Fahirisi ya Ibrahim ya utawala bora, yaani alama ambazo taasisi yake huzipa nchi za Afrika, tuna ombi kwa wahariri. Kila toleo jipya hukokotoa upya alama za miaka ya nyuma kwa takwimu na mbinu zilizorekebishwa. Ukichukua alama ya Tanzania au Kenya kutoka ripoti ya zamani ukailinganisha na ya ripoti mpya, unaweza kutangaza kupanda au kushuka ambako hakukutokea. Mabadiliko yasomwe ndani ya toleo moja tu, na mwaka wa takwimu uchapishwe kando ya nafasi ya nchi, kwa kuwa huwa nyuma ya mwaka wa ripoti yenyewe.

Wahandisi wa mawasiliano,
Dar es Salaam