Barua ya wazi kwa shemeji anayetaka kuhamia kwenye santuri

Shem, salama? Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, nimeona nikujibu hapa hadharani maana si wewe peke yako unayeniuliza hili swali, na pia nataka dada asome kabla hela haijatoka.

Unasema unafuta programu zote za mziki kwenye simu ununue mashine ya santuri, eti jamaa kakwambia digitali inakata sauti vipande vipande ila santuri ndo sauti nzima. Tulia kwanza. Hiyo hadithi ya vipande ni tamu ila haina ukweli. CD toka ilivyotoka 1982 inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, na ukipima hivyo unanasa kila kitu mpaka karibu hezi 22,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), sikio la binadamu lenyewe mwisho wake kama 20,000, na kwa umri wetu huu, shem, hata huko hatufiki tena. Na kinachotoka kwenye spika si ngazi ngazi kama kwenye zile picha wanazotumiana, ni wimbi laini kabisa. Alafu kuna umbali kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa: CD inabeba kama desibeli 96, santuri ikiwa nzuri na safi inacheza kwenye 60 na kitu mpaka 70 hivi, chini ya hapo ni mvumo na mikwaruzo tu.

Tena santuri ina ujanja mwingi ambao jamaa yako hakukwambia. Wakati wa kuichonga besi inapunguzwa makusudi, maana ikiachwa ilivyo mfereji inamopita sindano unapanuka mno na sindano inaruka, sauti nyembamba nazo zinaongezwa ili zizidi ule mkwaruzo wa plastiki, alafu huku nyumbani amplifaya inarudisha kila kitu mahali pake. Ndo utaratibu wa RIAA huo, chama cha kampuni za kurekodi mziki Marekani, upo toka 1954. Besi pia mara nyingi inawekwa katikati, isikae upande mmoja. Na ukifika nyimbo za ndani karibu na lebo mambo yanaharibika kidogo, kwa sababu sahani inazunguka kwa kasi ileile ya 33⅓ kwa dakika lakini duara limekuwa dogo, kwahiyo sekunde moja ya mziki inabanwa kwenye mfereji mfupi zaidi, basi kila mwimbaji akitamka "s" unasikia inakwaruza. Ndo maana wapangaji wengi wa albamu walikuwa wanapenda kumalizia upande na wimbo mpole. Na usisahau, santuri nyingi mpya zinazotoka siku hizi zimechongwa kutoka kwenye faili la kompyuta, kwahiyo hiyo digitali unayoikimbia imo mle mle ndani.

Sasa mbona kuna santuri ukiiweka inaizidi CD yake kabisa? Hapo jamaa hajakosea. Miaka ya 90 na 2000 watu wa studio walishindana nani mziki wake una kelele zaidi, wakazibana nyimbo mpaka ngoma na mnong'ono vikalingana, na kwenye santuri huwezi kubana namna hiyo kirahisi, kwahiyo mara nyingine toleo la santuri likaandaliwa kwa mkono mpole zaidi. Unachokipenda pale ni huyo fundi aliyeandaa, siyo plastiki. Toleo hilohilo ungewekewa kwenye faili ungelipenda vilevile.

Mimi ninazo zote mbili na santuri siziuzi ng'o. Napenda kwamba siwezi kuruka wimbo kwa kidole, upande ukiisha baada ya dakika ishirini na kitu lazima ninyanyuke nigeuze, kwahiyo albamu naisikiliza albamu kweli, nimeshika kava la inchi 12 nasoma nani kapiga besi. Na hakuna mkataba utakaoisha usiku asubuhi nikute haipo, wakati kwenye hizi programu nyimbo zinapotea hivihivi. Ila hilo hata faili la FLAC ulilolinunua linakupa, halipunguzi chochote kwenye sauti na linakula kama nusu tu ya nafasi ya faili la CD.

Kwahiyo ukiniuliza mimi, hela ya kwanza weka kwenye spika. Spika mbili nzuri, ziwe usawa wa masikio, wewe na zenyewe mfanye pembetatu, usizisukumie kwenye kona labda kama unapenda besi ya kuunguruma tu, na sakafuni uwe na zulia. Hapo simu yako hiyohiyo itakushangaza. Mashine ya santuri ije baadaye, kwa ajili ya zile albamu chache unazozipenda kufa.

Na ikija isiwe yale masanduku yenye spika humohumo! Mengi yana sindano inayokandamiza gramu 5 na zaidi wakati kichwa cha maana (kile kinachoshika sindano) kinataka 2 hivi, na spika yake inatikisa sindano hiyohiyo. Sindano ya almasi inachoka, hesabu masaa 500 mpaka 1,000 ubadilishe, na santuri zisimame wima, ukizirundika zinapinda.

Mwisho, zungusha amplifaya yako uangalie nyuma kama kuna tundu limeandikwa PHONO. Kama hakuna utahitaji kiboksi cha katikati kinachoitwa phono preamp, kirudishe ile besi iliyopunguzwa, la sivyo utachomeka kwenye AUX utoke mziki mwembamba kama mbu alafu unipigie usiku. Nitumie picha, nikuangalizie.