Shukrani kwa mama wa vitunguu, Ruaha Mbuyuni

Mama, jina lako sikuuliza. Siku ile hata langu ningekosea. Mimi ni yule trafiki aliyekaa chini ghafla kando ya meza yako ya vitunguu, saa nane mchana, mwezi wa 11.

Nilikuwa nimetoka Mafinga, ambako sweta tunavaa hadi jua limepanda. Nikashuka kwenye mibuyu na mazoea yaleyale: chai asubuhi, maji jioni nikikumbuka. Sare nyeupe inasaidia kidogo, lakini mkanda na buti ni tanuri, na lami inachoma kutoka chini. Kichwa kilipoanza kuzunguka nikadhani ni njaa.

Ulinilegeza mkanda bila kuomba ruhusa. "Uafande baadaye, mwanangu." Ukalowesha kipande cha kanga, ukaniwekea shingoni, ukaninywesha juisi ya ubuyu yenye chumvi kidogo, funda kwa funda. Nilipotaka kuibugia ulininyang'anya kikombe!

Siku hizi sitoki bila chupa ya lita moja na nusu. Kanga yako ninayo, nimeifua. Nikipangiwa tena huko nitakuletea, na vitunguu nitanunua kwa bei utakayotaja. Sitaomba punguzo.