Usizisugue rupia za bibi

Magomeni, Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Pole tena na msiba wa bibi. Barua yako nimeipata juzi pamoja na zile picha, na nikashtuka niliposoma kwamba umeshanunua ndimu na umetenga majivu ya kusugulia sarafu zake. Nakuomba uziache kwanza.

Hizo tano zenye mzungu aliyevaa kofia ya tai ni rupia za Mjerumani. Huyo ni Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani. Zigeuze, utaona simba na mti mfano wa mnazi, na jina la ile kampuni yao ya Afrika Mashariki. Zilianza kupigwa mwaka 1890, kila moja gramu 11.66, na karibu asilimia 92 ni madini ya fedha. Wakati huo rupia moja ilikuwa pesa 64, pesa ikiwa sarafu ndogo ya siku zile. Mwaka 1904 ndipo wakaleta heller, 100 kwa rupia, na ndiyo hii "hela" tunayoitaja kila siku. Basi bibi alikuwa na kitu sandukuni.

Nimeitazama sana ile yenye mstari mweusi unaokatiza kofia kutoka ukingo hadi ukingo. Bibi alizifunga kwa mpira, au sivyo? Mpira una salfa, na salfa ikikutana na fedha huishika. Hata hewa inayo kidogo, ya moshi na ya maji taka, na hili joto letu lenye unyevu linaharakisha. Fedha huanza kuwa ya manjano, ikaja kahawia, ikaingia zambarau na buluu, mwisho ikawa nyeusi. Lakini shoga, ule weusi si uchafu uliotua juu. Ni fedha yenyewe iliyogeuka. Ukiusugua unaondoka na sura ya sarafu.

Nakwambia kwa uchungu kwa sababu mimi nilifanya. Mama aliponiachia rupia yake moja niliisugua kwa dawa ya meno na mswaki mpaka ikawaka. Nilifurahi siku ile. Baadaye nikaipeleka kwa mtu anayekusanya sarafu za kale. Akaishika kwa ukingo, akaigeuza taratibu chini ya taa, akanionyesha mikwaruzo midogomidogo, mamia, yote imefuata mkono wangu. Manyoya ya tai yalikuwa yamelainika. Simba naye alikuwa anaonekana vizuri kwa ule weusi uliokaa kwenye mikunjo ya manyoya yake, na mimi nilikuwa nimeutoa. Akanirudishia kwa upole, hakutaka kutaja bei. Ninayo mpaka leo, na kila nikiishika namkumbuka mama na kujilaumu.

Utasikia pia habari ya foili, magadi na maji ya moto. Ni kweli salfa inatoka na fedha inarudi, lakini mara nyingi sarafu inabaki nyeupe isiyo na uhai. Kwa kijiko cha chai sawa, kwa hizi hapana.

Kinachotaka kushughulikiwa upesi ni ile ya mwisho, yenye utando wa kijani unaonata. Hiyo ilikaa kwenye mfuko wa plastiki ulioanza kuoza, na ule utando unaila. Tafuta asetoni halisi kwa wauza rangi, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye mafuta na manukato. Itie kwenye glasi, si kikombe cha plastiki, mbali na jiko na madirisha yakiwa wazi. Laza sarafu humo, uibadilishe asetoni ikichafuka, kisha uiache ikauke yenyewe juu ya kitambaa laini. Usiifute. Na usiisuuze kwa maji ya kisima, yana chumvi.

Zilizobaki zitenge mojamoja. Usitumie gazeti wala sufu. Kopo linalofunga vizuri linatosha, utie na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Zile shilingi za King George nazo ziache hivyohivyo. Hata zile za mpaka mwaka 1946 fedha yake ni robo tu.

Ukija Dar mwezi ujao njoo nazo mwenyewe kwenye mkoba, usimpe mtu wa basi. Nitakuazima lenzi yangu tuzitazame pamoja barazani, na unisimulie bibi alizipataje.

Msalimie mama na watoto.

Wako,
Mwanaidi