Amana ya jirani nimeitumia wakati wa vita. Nimwambie nini?

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Goma, mashariki mwa Kongo. Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimeichana, kwa sababu kila nikiisoma naona najitetea. Safari hii nitasema mambo kama yalivyokuwa, halafu wewe na wasomaji mnishauri.

Nina miaka 38, mume na watoto watatu. Tunakaa nyumba ya mbao, si mbali na kambi ya jeshi ya Katindo. Mume wangu anafundisha sekondari ya binafsi, mimi nauza vitenge Birere, mtaa wa biashara hapa mjini. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mke wa mwanajeshi wa serikali. Nitamwita Mama Neema, ingawa si jina lake. Tulikaa naye miaka tisa.

Ili unielewe, lazima nikueleze huyu mwanamke ni nani kwangu. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, na siku chache baadaye serikali ikaamuru watu wahame mji, mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane. Barabara ya kwenda mji wa Sake ilijaa watu, magodoro, mbuzi, wazee wakisukumwa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Mume wake alikuwa amempatia nafasi moja kwenye lori la jeshi. Nafasi ile akanipa mimi. Yeye akatembea kwa miguu na watoto wake, wa mwisho mgongoni, mpaka Sake. Mtoto niliyekuwa nimembeba tumboni sasa ana miaka minne, na tulimpa jina la Mama Neema.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe. Ilikuwa Jumapili, Januari 26 mwaka huu wa 2025. Sake ilikuwa imeshaanguka mikononi mwa waasi siku chache nyuma, na watu wa kambi za wakimbizi za upande wa Mugunga walikuwa wakimiminika mjini na mikeka kichwani. Umeme ulikuwa umekatika, maji hakuna. Tulikuwa tumelala sakafuni sote watano, tumepanga mifuko ya maharagwe na mabidoni kwenye ukuta, maana mbao haizuii risasi. Mama Neema akagonga mlango wa nyuma. Hakuwa anajua mume wake yuko wapi. Sare za mumewe alikuwa amezitupa chooni. Mkononi alishika mkebe wa maziwa ya unga, umefungwa kwa plastiki.

Akaniambia: "Dada, unichungie hii. Iko dola 1,850 na karatasi za parseli yetu, kile kiwanja. Nikifa, ni ya watoto." Hakuhesabu mbele yangu wala hakutaka niandike kitu. Akachukua watoto, akashika njia ya kituo cha Monusco, askari wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu familia nyingi za wanajeshi zilikuwa zinakimbilia huko. Kulipokucha, waasi wa M23 walikuwa wameingia mjini.

Ardhi ya hapa ni mawe ya volkano, huwezi kuchimba shimo la haraka. Mume wangu aling'oa jiwe moja chini ya jiko, tukaweka mkebe, tukarudisha jiwe na majivu juu yake. Siku ya pili nyumba ya Mama Neema iliporwa. Waporaji walibeba mpaka milango na mabati ya jikoni. Baadaye wakaja watu wenye silaha kuuliza mwenye nyumba ni nani. Nilijibu simjui, walikuwa wapangaji tu. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama hatua tano kutoka kwenye lile jiko, mtoto amenishika sketi. Shangazi, sijawahi kuogopa namna ile. Maiti zilikuwa bado barabarani, watu wa Msalaba Mwekundu wakiziokota.

Siku zile za kwanza tulikunywa maji ya ziwa. Mume wangu alibeba mabidoni, mimi nachemsha, na makaa yalipoisha tukategemea klorini tu. Lakini hayo yalipita. Kilichotumaliza polepole ni pesa.

Mabenki yalifunga milango siku mji ulipoanguka, na mpaka leo ninapoandika, mwisho wa Agosti, hayajafunguliwa. Mwezi wa nne watawala wapya walifungua upya CADECO, benki ya akiba ya serikali, lakini akiba yangu haikuwa huko. Nina dola 1,420 kwenye kooperative, chama cha kuweka akiba. Niliziweka kidogo kidogo kwa miaka sita. Zipo kwenye daftari, na mlango una kufuli. Wenye kadi huvuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutoa pesa kwenye mashine, sisi wenye daftari hatuna pa kwenda. Wakala wa simu ukimtumia muamala anakukata asilimia ya kutisha, kwa sababu na yeye noti anazitafuta kwa taabu. Shule ya mume wangu ilifunguliwa tena, lakini wazazi hawana cha kulipa, na walimu wanalipwa na hao wazazi. Alirudi Februari na dola 15, Machi hakurudi na kitu.

Mkebe niliufungua mara ya kwanza Februari 19. Nilihesabu kwanza: zilikuwa 1,850 kamili, noti safi ambazo hata moja haikuwa na mpasuko. Aliyekaa Kongo anajua maana yake, noti ya dola ikichanika kidogo tu hakuna anayeipokea, kwa hiyo aliyezikusanya zile alizichagua moja moja. Nikachukua 20. Nikaandika kwenye daftari la mtoto tarehe, kiasi na kazi yake. Nikajiambia ni deni, benki zikifunguliwa wiki ijayo narudisha. Wiki ijayo haijafika.

Daftari hilo ninalo na nitakusomea. Unga, maharagwe, mafuta na makaa, tangu Februari hadi Mei: dola 340. Mdogo wangu alipozaa kwa kupasuliwa, hospitali haikumruhusu kutoka mpaka deni lilipwe: 210. Mdogo wa mume wangu ana miaka 19, na vijana wa rika lake walikuwa hawalali nyumbani kwa hofu ya kuchukuliwa kwenda msituni. Tulimtoa kupitia Gisenyi hadi Kampala: 150.

Hayo matatu, Shangazi, nikiyawaza usiku nayaombea msamaha lakini sioni ningefanyaje. La nne ndilo linalonichoma. Mwezi wa sita mama mmoja aliyetoka Kampala na mzigo aliniambia ana vitenge vizuri na anaviachia kwa bei ya chini kwa sababu anataka kurudi haraka. Nikapiga hesabu: nikichukua vya dola 600 nikaviuza, narudisha zote nilizotumia na faida inabaki kwa watoto. Nikachukua 600. Siku ile hapakuwa na mtoto mwenye njaa wala mgonjwa nyumbani mwangu. Ilikuwa biashara. Nilifanya biashara kwa pesa ya mtu aliyenikabidhi nichunge, bila kumwuliza, na tayari nilikuwa na namba yake ya simu.

Ndiyo, namba nilikuwa nayo. Mwisho wa Aprili Msalaba Mwekundu ulianza kuwasafirisha kwenda Kinshasa wanajeshi waliokuwa wamejihifadhi kwa Monusco pamoja na familia zao. Mama Neema alikuwa mmoja wao, na mwezi wa tano akanipigia. Tulilia kwanza, hatukuweza kusema. Mume wake yu hai. Watoto wote wazima. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Na ile kitu?" Nikajibu: "Ipo, dada, usiwe na wasiwasi." Wakati huo nilikuwa nimeshatumia 700.

Vitenge haviuziki. Birere watu wanapita, wanashika kitambaa, wanasifu rangi, wanaondoka. Mwanamke ambaye hajui kesho atapika nini hanunui kitenge. Nimeuza vipande vichache kwa mkopo, na waliokopa nao wananikimbia. Mkebe una dola 550 na karatasi za parseli, ambazo sijazigusa. Vilivyobaki ni vitambaa vilivyorundikwa kitandani kwangu, watoto wanalala miguuni mwake.

Wiki iliyopita Mama Neema alinitumia ujumbe wa sauti. Wanakaa Kinshasa chumba kimoja kwa ndugu wa mumewe, watu tisa. Mwenye nyumba anataka watoke. Shule zinafungua Septemba 1 na watoto wake wamekwisha poteza nusu mwaka. Kuna binamu yake mfanyabiashara anayekuja Goma kupitia Entebbe, atafika katikati ya Septemba, na nimkabidhi mkebe mkononi, kwa sababu kutuma kwa simu kutakula pesa nyingi. Mwisho akasema: "Mungu akubariki, dada. Hicho ndicho tulichobaki nacho." Ujumbe huo nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Sijajibu.

Mume wangu anasema jambo ni rahisi. Niseme mkebe uliporwa. Nyumba ya Mama Neema iliporwa kweli, mtaa mzima unajua, nani atauliza? Anasema tulihatarisha maisha yetu kwa ajili ya mkebe ule, kwamba wangeukuta wangetuua na kutuita familia ya mwanajeshi, na bila sisi leo asingekuwa na hata hizo karatasi za ardhi. Nimpe karatasi na 550, niseme nyingine zilikwenda na vita. Namheshimu mume wangu, na najua anasema hivyo kwa sababu ananiona silali. Tena si uongo kabisa, zilikwenda na vita. Lakini 600 hazikuchukuliwa na vita. Nilizichukua mimi.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye tangu alipokimbia Masisi, aliposikia alisema neno moja tu: "Amana hailiwi." Akaendelea kuchambua sombe. Kisha usiku akaniambia nisimwambie Mama Neema kwa simu, kwa sababu yuko ugenini na hana hata mahali pa kulilia, nisubiri benki zifunguliwe nimlipe zote na hapo ndipo nikiri. Lakini benki zitafunguliwa lini? Hakuna anayejua. Na binamu anakuja.

Nimefikiria kuuza vitenge vyote kwa hasara kwa mwanamke mmoja anayepeleka mizigo Bukavu kwa boti. Amenipa bei: dola 320 kwa mzigo wote. Nikikubali, nitampa binamu 870 pamoja na karatasi, na mtaji wangu umekufa, sina kitu cha kukaa nacho sokoni. Nikikataa, nampa 550 na ninabaki na vitambaa ambavyo huenda vikauzika sikukuu za Desemba, na huenda visiuzike. Nimefikiria pia kumpa lile daftari la kooperative, limpitie binamu, liwe dhamana mkononi mwake mpaka siku benki zifunguliwe. Lakini daftari lina jina langu, atafanya nalo nini Kinshasa?

Kuna jambo lingine naliogopa kulisema. Mume wake ni mwanajeshi mwenye hasira, na nasikia ndiye sasa anayempigia hesabu kila siku. Nikimwambia Mama Neema ukweli, huenda ukweli huo ukamwangukia yeye, aulizwe kwa nini alimwamini jirani. Hilo pia linanifunga mdomo, ingawa wakati mwingine najishuku kwamba nalitafuta tu liwe kisingizio.

Shangazi, naomba unishauri. Nimpigie sasa nimsomee daftari ukurasa kwa ukurasa, pamoja na zile 600? Au nisubiri binamu afike nimweleze yeye ana kwa ana, ambaye simjui? Niuze vitenge kwa 320? Na je, pesa ya chakula cha watoto wangu na ya vitenge ni dhambi moja mbele yake, au nizitenganishe ninapomwambia? Ninyi mliopitia vita, Bujumbura, Bunia, popote, kama kuna aliyewahi kuachiwa kitu na jirani akakitumia, alianzaje kusema?

Binamu anafika Septemba 14. Ukiweza, nijibu kabla ya siku hiyo. Jina langu usilichapishe.

Mama wa Watatu,
Goma