Kilichopimwa ni mkojo, si mawazo

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu utafiti wa Kosuke Inoue wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, na wenzake, juu ya homoni za msongo na shinikizo la damu. Mmefanya vizuri kuuandika. Kasoro ninayoiona ni kichwa cha habari, kilichowaambia wasomaji kwamba mawazo ndiyo yanayoleta presha. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha, na maneno hayo nayasikia kila wiki: "Sista, presha yangu ni ya mawazo tu, nikitulia inashuka." Mara nyingi anayesema hivyo vidonge ameshaviacha.

Utafiti wenyewe, uliotoka mwaka 2021 katika jarida la Hypertension, ulihusu watu 412 wa Marekani wenye umri wa miaka 48 hadi 87, ambao mwanzoni presha yao ilikuwa ya kawaida. Walikusanya mkojo wao usiku kucha kwa muda wa saa 12, zikapimwa humo homoni nne: noradrenalini, adrenalini, dopamini na kotisoli, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Kiwango cha homoni hizo kilipokuwa maradufu, uwezekano wa kupata presha ulikuwa juu kwa asilimia 21 hadi 31. Makala yenu imeiacha asilimia hiyo ikining'inia. Tuseme katika watu 100, 20 wangepata presha kwa vyovyote. Nyongeza hiyo inawafikisha 24 hadi 26. Si jambo dogo, lakini wale 20 wa kwanza bado wapo, na hawa makala haikuwagusa.

Suala la usiku ndilo lililonivutia zaidi, nanyi mmelipita. Usiku bosi hayupo, mdai hayupo, mtu kalala. Kilichomo kwenye chombo asubuhi kinaonyesha mwili ulivyokuwa ukijiendesha pasipo mtu wa kuukera. Homoni zikiwa juu, huenda ni msongo wa muda mrefu, sikatai. Lakini yuko pia anayekoroma hadi pumzi inakatika: kila inapokwama mwili unashtuka, noradrenalini inapanda, na akiamka hakumbuki lolote. Huyo ukimwambia apunguze mawazo hujamtibu. Isitoshe, utafiti wa kufuatilia watu namna hii unaonyesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba kimoja kimezaa kingine.

Tena mmezichanganya homoni zote nne. Kwenye mshtuko wa moyo, kiharusi na maradhi mengine ya moyo na mishipa, ni kotisoli peke yake iliyoonyesha uhusiano: ilipokuwa maradufu, hatari ilikuwa juu kwa asilimia 90. Zile tatu nyingine hazikuonyesha kitu. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa habari ya ukurasa wa mbele. Adrenalini huupigisha moyo mbio na noradrenalini hubana mishipa, lakini kotisoli ikizidi kwa muda mrefu figo huzuia chumvi na maji, sukari nayo hupanda. Wanaotumia prednisolone miezi mingi wanalijua hili, maana dawa hiyo hufanya kazi kama kotisoli, na presha inaweza kuwapanda hata wakiwa na furaha tele. (Asije mtu akaiacha ghafla kwa sababu yangu, kuikatisha hivyo ni hatari.)

Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zina homoni nyingine ambayo haikutajwa: aldosteroni. Mwaka 1955 Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan alieleza ugonjwa ambao tezi hizo huitoa kupita kiasi, mara nyingine kwa sababu ya uvimbe mdogo tu. Presha ya namna hii inatokana na homoni moja kwa moja, na mawazo hayahusiki. Ina vipimo vyake na tiba yake, na mgonjwa anayemeza dawa tatu bila kushuka ana haki ya kumuuliza daktari kuihusu.

Mawazo yanapandisha presha kweli, kwa muda. Mtu akiingia kwangu akihema, kakunja miguu, huku anazungumza na simu, mashine itatoa namba ya kutisha. Ndiyo maana namkalisha dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usiofunikwa na nguo mezani usawa wa moyo, kisha napima mara mbili. Wengine namba inashuka palepale, tunacheka. Ambaye siku nyingine, na nyingine tena, bado anasoma 150 kwa 95 akiwa ametulia hivyo, huyo ana presha, na kichwa chenu cha habari kimempa sababu ya kutorudi. Naomba mkichapishe upya kikiwa kimesahihishwa, ukurasa uleule.

Muuguzi, kliniki ya presha