Faiba ya leza isisifiwe kwa wembamba tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako. Nimesoma makala yenu kuhusu leza inayotibu tezi dume iliyovimba kwa kupitishwa kwenye njia ya mkojo. Mwandishi amejitahidi, lakini mambo mawili yamenikera, maana kazi inayonipa mkate ni kung'arisha ncha za faiba, zile nyuzi za kioo zinazoupitisha mwanga wa leza hadi kwenye tezi. Mchoro wenu unaonyesha kijikioo cha kujitazamia kimebandikwa mwishoni mwa uzi, kinarusha mwanga ubavuni. Halafu makala yote inakisifu kifaa kwa wembamba wake, utadhani tunanunua sindano.

Tuanze na shida yenyewe. Mwanga wa faiba hutokea mbele, kwenye ncha. Nyama inayotakiwa kupigwa iko pembeni. Kuikunja faiba haiwezekani: uzi wa kioo wenye kiini cha mikromita 600, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita, haupindi robo duara ndani ya milimita chache. Utavunjika, na kabla ya kuvunjika utakuwa umekwisha kuvujisha mwanga. Kwa hiyo uzi tunauacha umenyooka, tunageuza mwanga.

Na kuugeuza hakuhitaji kijikioo chochote. Ncha inakatwa mshazari, kisha inasuguliwa kwa msasa laini, na laini zaidi, hadi ukiitazama kwa hadubini huoni mkwaruzo. Mwanga unaougonga mshazari huo kutoka ndani, ukiwa umelala vya kutosha, hautoki nje kwenda hewani. Wote unarudi ndani ya kioo na kutokea ubavuni. Ni kweli vilitengenezwa vifaa vyenye kipande cha chuma kilichopakwa dhahabu, na kwa leza isiyoonekana ya nanomita 1064 (ndio urefu wa wimbi lake la mwanga) dhahabu inarudisha mwanga vizuri. Kwa leza ya kijani ya nanomita 532 mambo yanageuka: dhahabu hufyonza sehemu ya kijani hicho, na leza ikiwa ya makumi ya wati, kinachofyonzwa kinatosha kuiunguza ncha.

Nimesema hewani, na hewa ndiyo roho ya kifaa hiki. Mwanga ulio ndani ya kioo cha silika ukikutana na hewa, unarudi wote pale tu unapokuja kwa pembe inayozidi digrii 44 hivi, ukipima kutoka mstari unaosimama wima juu ya uso uliosuguliwa. Weka maji mahali pa hewa, kiwango hicho kinapanda hadi digrii 66 au 67. Na huko ndani ya mgonjwa ni maji matupu, maji ya chumvi yanayopitishwa ili kuosha na kupoza. Ncha iliyo wazi ikiingia humo, mwanga mwingi unapita mbele kana kwamba hukuikata kabisa. Ndiyo maana ncha huvishwa kifuko cha kioo kilichozibwa upande mmoja, mfano wa kidole cha glavu, na hewa inafungiwa humo nyuma ya mshazari. Kifuko kikipata ufa, maji yakaingia, basi hiyo leza haijui tena inapiga wapi.

Vijana wanaoingia karakanani kujifunza hutaka kukata digrii 45, kwa hesabu kwamba mwanga utageuka 90 sawasawa. Wangekuwa sahihi kama miale yote ingesafiri sambamba na uzi. Haisafiri hivyo. Katika faiba nyingi za kazi hii miale hutawanyika karibu digrii tisa kila upande wa mhimili, kwa hiyo kwenye mkato wa 45 mingine inafika kwa digrii 36 na kupenya moja kwa moja. Tunaulaza mshazari zaidi, digrii 35 au 36 kutoka mhimili wa uzi, na mwanga unageuka kama digrii 70. Daktari anayeutumia huzoea kwamba unaelekea mbele kidogo, haupigi pembe mraba.

Kinachonisumbua zaidi ni mwanga unaopotea. Kila mwanga unapotoka kwenye kioo kuingia hewani, au kinyume chake, asilimia tatu na ushei hugeuka na kurudi. Ukiacha uwazi kati ya ubavu wa faiba na ukuta wa kifuko, unazo nyuso mbili za namna hiyo. Leza ya wati 100 itatupa wati kadhaa upande wa pili, kwenye nyama ambayo hakuna aliyekusudia kuigusa. Dawa yake ni kuuyeyusha ubavu wa faiba ushikane na kifuko, kiwe kioo kimoja hadi nje, hewa ibaki nyuma ya mshazari peke yake. Kazi hiyo ina ugumu wake: moto ukizidi kidogo tu, ukingo wa mshazari unalainika na kuwa mviringo, na usuguaji wote wa asubuhi umekwenda na maji.

Sasa huo wembamba. Kwenye leza ya nguvu, kifuko chembamba kinausogeza uso wa kioo karibu na pale mwanga ulipokusanyika, na nyama ikinata hapo inaungua, inakuwa nyeusi, nayo sehemu nyeusi inafyonza joto zaidi. Kioo kinaanza kuchimbika vishimo, mwisho kinatoboka. Mimi nachukua ukuta mnene.

Kwenye mishipa ya moyo nakubali, huko wembamba ni lazima. Njia ya kupiga picha za tishu kwa mwanga, iliyotangazwa mwaka 1991 na watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, leo hutumia uzi wa mikromita 125 unaozunguka ndani ya katheta, yaani mrija usiofika milimita moja kwa unene, kwa mwanga wa karibu nanomita 1300, na nguvu yake ni miliwati tu, yaani sehemu za elfu za wati. Hakuna cha kuungua. Lakini hata huko mwanga unaorudi kutoka kwenye nyuso za kifaa chenyewe huiharibu picha, kwa sababu ule wa kutoka kwenye mshipa ni hafifu mno kushindana nao.

Kwa hiyo wanaoandika mahitaji ya ununuzi waulize: kati ya mwanga unaoingia, kiasi gani kinatoka upande uliokusudiwa, kiasi gani kinatokea nyuma, na ncha inahimili muda gani kwa nguvu kamili? Majibu yatokane na kipimo cha ncha ikiwa ndani ya maji. Na daktari asitegemee karatasi ya muuzaji peke yake. Kabla ya kuwasha leza yenyewe, awashe ule mwanga mwekundu wa kulengea na aizungushe ncha mbele ya karatasi nyeupe. Kama kuna doa la pili upande wa nyuma, ataliona.

Wako,
Fundi wa faiba